Dirisha la Guntis

Miaka tisa, katika jela kongwe ya Riga,
Guntis alijua saa kwa mlio wa chuma:
funguo, komeo, sahani, komeo.
Taa haikuzimwa. Usingizi aliuiba vipande vipande,
na ngumi yake ilitangulia salamu.

Sasa kahamishiwa penye kuta za mbao,
mlango usiobamiza,
dirisha linaloshuka hadi magotini.
Nje, msonobari mmoja.

Usiku wa kwanza hakulala: kimya kilimtisha.
Wa nne akakoroma.
Juzi, Vilnis kamkanyaga kwenye foleni ya supu.
Guntis akakunja ngumi,
akaitazama,
akaikunjua.

“Si wema,” akaniambia. “Nikifungiwa shimoni,
nani atautazama ule mti theluji ikidondoka?”

Sikumwambia kwamba mimi pia, mshika funguo,
siku hizi sisagi meno usingizini.