Nyuma ya Daftari

Mbele ya daftari naandika madeni ya watu.
Kavugho: sukari robo, chumvi.
Mwalimu Kasereka: mishumaa miwili,
atalipa mshahara ukitoka.
Mama Nzigire: sabuni kipande,
na tena sabuni kipande, na tena.
Hivyo ndivyo kibanda cha mbao hapa Majengo kinavyoishi,
kwa kalamu ya buluu na moyo wa kungoja.

Siku moja nililigeuza juu chini
nikaanzia nyuma.
Sikuwa na nia ya utakatifu.
Padri alikuwa amesema, shukuruni kwa yote,
nami nilikuwa nimelichoka neno hilo, yote,
kubwa kama mlima unaotutazama usiku
kwa jicho lake jekundu.
Nikasema: yote siwezi.
Nitashukuru kama ninavyouza chumvi,
kwa kijiko.

Jumatatu: bidoni ya maji imefika, haikupasuka njiani.
Jumanne: Muhindo wa chukudu amepandisha magunia yangu ya makala
bila kuongeza bei, tena akipiga mluzi.
Jumatano: umeme, dakika arobaini.
Nilipiga pasi hata matambara.
Alhamisi: sambaza wa jana hawajaoza.
Ijumaa sikuandika.
Ijumaa milipuko ilitoka upande wa Sake
tukalala uvunguni, mimi, watoto,
na paka wa jirani aliyeingia bila hodi.
Jumamosi, mkono ukitetemeka bado,
niliandika neno moja: paka.

Usidhani ilikuwa rahisi.
Ni kama vumbi jeusi la mji huu:
unafagia alfajiri,
saa sita limerudi mlangoni kama mgeni mwenye haki.
Unafagia tena.
Zipo kurasa nilizoandika kwa hasira,
kalamu ikatoboa karatasi.
Upo ukurasa wenye tarehe tu.

Na liko jambo sitaliandika kamwe.
Moto ulishuka ukala nyumba ya mama yangu,
cherehani yake, picha za harusi, mbuzi aliyefungwa kamba.
Ukapoa, ukawa jiwe.
Jiwe hilohilo tulilichonga kwa nyundo,
na leo ndilo ukuta wa kibanda changu hadi kiunoni.
Kwa moto sijasema asante. Sitasema,
hata padri arudie mara saba.
Kwa ukuta, ndiyo.
Asubuhi nikifungua kufuli naugusa kwa kiganja,
baridi, mkwaruzo wake kama ulimi wa ng'ombe,
nasema, upo.
Nao upo.

Juzi usiku nimefika katikati.
Madeni yao yametoka huku, yangu yametoka kule,
imebaki karatasi moja baina yao.
Nikasoma kwa taa ya simu, huku na huku.
Upande wa mbele:
Mama Nzigire, sabuni kipande, hajalipa.
Nikaligeuza daftari. Tarehe ileile, mwandiko wangu uleule:
Mama Nzigire amekesha na mwanangu, homa ilipopanda.
Amemwogesha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu
na sabuni.

Sabuni ipi?

Nilikaa na swali hilo mpaka simu ikazima chaji.

Deni lake sikulifuta. Angekasirika.
Ana heshima zake mama yule;
hulipa Jumamosi, noti zimekunjwa mara nne,
zina joto la kifua.
Nitazipokea kwa mikono miwili
na sitasema kitu, au nitasema kitu kidogo.

Ila karatasi ya katikati nimeiacha tupu.
Kesho nitanunua daftari lingine, la kurasa mia.
Mbele, atakayeanza simjui.
Nyuma, mstari wa kwanza ninao tayari:
lile la kwanza limejaa.