Mvuke wa Zabibu

Kilo mia moja na nne. Mizani ya zahanati ya Makole
haikuona haya kunitangaza.
Daktari, binti mdogo, kalamu kaichomeka sikioni,
akasema: Mzee Mahelela, chipsi mayai basi.
Na soda. Na zile nyama zako za usiku Sabasaba.
Akaandika vyote. Njaa hakuiandika.

Njaa ya tumbo naijua, nimekua nayo Chamwino
mwaka mtama uliponyauka ukiwa magotini;
hiyo unaikazia mkanda, inanyamaza.
Hii nyingine inakaa mdomoni.
Saa nne usiku inaamka, inataka kitu,
haisemi nini.

Lechipya, mtoto wa dada, anayeuza simu Jamatini,
akaniletea kifimbo cheusi chenye taa kitakoni.
"Hakina nikotini, mjomba. Ni mvuke na harufu tu.
Hamu ikikushika, vuta."
Kwenye boksi wameandika: zabibu.

Nikavuta, ndani ya gari la ofisi, kule Mtumba,
nikimsubiri bosi atoke kikaoni,
vioo juu, wingu limejaa hadi kwenye usukani.
Mama Nyemo akapita na sinia la maandazi.
Nikavuta.
Akarudi.
Nikavuta tena, mpaka taa ikawa nyekundu.

Wiki tatu, kilo mbili. Si haba.
Ila mzee wa kanisa kaniona nikifuka nyuma ya ukuta,
sasa ananipa mkono kwa ncha za vidole.
Na Sechelela kanusa kola ya shati,
kalikunja, kalikunjua, kalinusa tena.
"Huyo anayenukia pipi anakaa Area C au Area D?"
Nikamwonyesha kifimbo. Akacheka hadi akakaa chini.
Akakijaribu, akakohoa, akanirudishia.
"Hii zabibu imelimwa wapi?"

Swali likanifuata Jumamosi hadi Hombolo,
shambani kwa shemeji Ndahani, msimu wa kuvuna.
Vichala vimevaa vumbi, nyuki hawana adabu.
Nikachuma moja, nikaifuta kwenye suruali:
ganda lina uchachu, kokwa mbili,
utamu unakuja umechelewa, kama posho.
Haifanani hata kidogo na ile ya kwenye boksi.
Daktari alisema matunda kwa kiasi.
Nilihesabu hadi kumi na moja,
halafu Ndahani akaanza kunieleza habari za bei,
nikapoteza hesabu.

Usiku, saa nne, mdomo umeamka.
Kifimbo kimekufa, nimekichomeka kwenye chaji,
nimekaa gizani nakitazama.
Mama alikuwa anabandika maji mapema,
unga ukiwa bado uko njiani na baba,
na sisi watano tunazunguka chungu
tunatazama mvuke, tunatulia.