Kilo Iliyobaki

Elfu nane mia moja tisini na moja.
Ndivyo mizani ya ghala la Kitangari ilivyosema:
kilo za korosho za marehemu babu, msimu wake wa mwisho.
Karani akaandika, akapuliza wino.

Ukoo ukakaa ukumbini kugawana.
Wakaanza na wanaume peke yao, watano:
elfu moja mia sita thelathini na nane kila mtu,
ikabaki kilo moja.
Mashangazi wawili wa Luatala wakasimama mlangoni: na sisi je?
Wakawa saba.
Elfu moja mia moja na sabini,
ikabaki kilo moja.
Wakaitwa mapacha wa nje, wale wa Nanyamba,
ambao kwetu hawatajwi kabla ya kula.
Tisa. Mia tisa na kumi.
Ikabaki moja.
Baba mkubwa Mchopa akalitupa daftari:
"Mizani imerogwa!"

Shangazi Somoe alikuwa jikoni anamenya mhogo.
Yeye hakuhesabiwa. Ndoa mbili, amerudi na mkeka wake;
asiye na mtoto atamrithisha nani?
Tasa, walisema, bila kushusha sauti,
kama mtu anavyotaja rangi ya mlango.

Akasema kutoka hukohuko, kisu mkononi:
"Hiyo namba ni tasa. Leteni kilo yangu."

Wakacheka, wakampa.

Usiku, ukungu wa Newala umeingia hadi kwenye taa,
alinikalisha na daftari la mraba.
"Jaribu mbili. Tatu. Tano. Saba. Kumi na moja.
Kumi na mbili usihangaike nayo, mbili imeshajibu.
Ukimaliza themanini na tisa, weka kalamu chini:
inayofuata ni tisini na saba, na hiyo
ukiizidisha kwa yenyewe imeshapita."
Nilijaribu zote, ishirini na nne.
Kumi na tisa ilinitia tumaini, ikabakiza mbili.
Themanini na tisa, tatu.
Hakuna iliyotoka mikono mitupu.

"Sasa ongeza kilo moja."
Nikaongeza. Ikakatika nusu, na nusu ya nusu,
mara kumi na tatu, bila ubishi,
mpaka ikawa moja.
"Umeona? Wanapakana ukuta,
na hawafanani hata pua."

Nikamwambia: mwalimu wetu anasema
namba nyingine zote huzaliwa na hizi, kwa kuzidisha,
kwa hiyo aliyeziita tasa alikosea jina.
Akanitazama muda, utambi ukilia.
"Usinitafutie watoto," akasema.
"Haigawanyiki. Basi."

Kilo yenyewe tuliichoma uani kwenye kipande cha debe,
mafuta ya maganda yakiruka na kuwaka,
tukabangua kwa jiwe, vidole vyeusi,
moja yake, moja yangu, moja yake,
na ilipobaki ya mwisho
aliitia mdomoni kabla sijauliza.