Kengele ya Heldur

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Tartu,
nyuma ya duka la baiskeli,
tunapanda ngazi zenye theluji ya viatu vya waliotutangulia,
kila mmoja kaukumbatia mfuko wake wa karatasi
kama aliyenunua samaki na anaogopa paka.

Sharti ni moja. Heldur kaliandika kwa mkono
akalibandika juu ya spika ya kushoto:
SEMA ULICHONUNUA. MENGINE KAYASEMEE NYUMBANI.
Umenunua nini, nani anapiga, mwaka gani, bei gani,
upande mmoja tuusikie, kisha umpishe mwenzio.
Ukianza habari za goti lako, za mkwe, za serikali,
anagonga kengele ya baiskeli iliyofungwa mezani:
kring.
Nimegongewa mara saba tangu Septemba,
nne kati ya hizo kwa bei ya kuni.

Leo Aimar ndiye wa kwanza. Kaleta kisanduku kizito,
simfonia zilezile, seti yake ya sita.
"Hawa wanakwenda polepole zaidi," anasema,
uso umemkunjuka kama aliyemwona mtoto akisimama dede.
Mke wake anadhani seti ni mbili tu.
Kring. La mke halimo.

Kisha Õie, muuguzi wa zamu za usiku,
kapata kinubi na filimbi, bado imo ndani ya nailoni.
Anaichana kwa kucha zake fupi, taratibu,
nasi tunanusa. Naam, tunanusa.
Kadibodi mpya ina harufu nisiyojua niifananishe na nini,
na nimejaribu.

Mimi, chelo peke yake, euro saba.
Nikasema ilirekodiwa kanisani,
mkitega sikio kuna mtu anakohoa kwa mbali.
Wakakisikiliza kikohozi mpaka mwisho.
Hakuna aliyeniuliza nina hali gani.
Ndiyo sababu ninakuja.

Halafu Maimu.
Hajaonekana tangu mazishi. Koti hakulivua.
Akatoa jalada lililochakaa, pembe moja imeliwa
na panya, au na miaka,
akalilaza mezani kwa mikono miwili.

"Kwarteti ya nyuzi. Mwaka sitini na nane.
Nimeinunua gulioni Jumamosi, euro tatu.
Muuzaji alitaka tano.
Nyuma kuna mwandiko, wino wa buluu:
herufi M, na tarehe.
Niliiuza mwenyewe mwezi wa tatu,
pamoja na nyingine mia mbili, kwa bei ya jumla."

Tukaziangalia spika.

"Upande wa pili una mkwaruzo, dakika ya nne.
Sindano iliruka.
Iliruka kwa sababu mtu alinyanyuka ghafla kitini
akasema, haya, tucheze,
nikamwambia muziki huu si wa kucheza,
naye —"

Akaitazama kengele, si Heldur.
"Hayo si mada," alisema.

Lakini Heldur alikwisha kuifunika kwa kiganja,
kiganja kizima.
"Mkwaruzo," alisema, akikohoa kidogo,
"ni hali ya santuri. Hali ya santuri ni mada.
Endelea."

Hakuendelea. Akaiweka.
Fidla mbili, viola, chelo,
na joto la radieta likipigapiga bomba.
Dakika ya nne ikafika: tk,
wale wanne wakavuta pumzi ileile, tk,
pumzi ileile, tk.
Kwa kawaida mtu huinuka akausukuma mkono wa sindano.
Hakuna aliyeinuka.
Nilihesabu mizunguko ishirini na mmoja.

Akainuka Maimu, na koti lake,
akausogeza mbele upana wa unywele.
Muziki ukaendelea bila kuuliza.

"Lebo?" Aimar akauliza mwishoni.
"Nyekundu."
"Toleo la kwanza?"
"La pili."
"Kwa euro tatu," Aimar akasema, "bei nzuri."
"Ndiyo," akajibu. "Bei nzuri."

Heldur akaondoa mkono.
Kiganja kilikuwa na alama ya duara.
"Anayefuata," akasema.