Mizani Saba

Ubeti ni mmoja, nyuma ya stakabadhi ya friji,
duka la Ruwi, mwezi wa sita, themanini na nne.
Herufi za Kiarabu, Kiswahili cha Vikokotoni.
Mama mdogo Muzna aliuweka katika bati la biskuti
pamoja na sindano na vifungo.

Nimefundisha ushairi miaka kumi na tisa;
mkono wangu hauoni ubeti ukatulia.
Nikaketi sebuleni, Mabela, nikanakili:

    Huku kwetu kuna hari, pangaboi lachemka,
    Maji yaja kwa magari, tangini yakimwagika,
    Nina shuka za hariri, usingizi wanitoka,
    Nakwambia niko shwari, dada, nimekumbuka.

Haya, kama darasani.
Mishororo minne: tarbia.
Vina vya kati *ri*, vya mwisho *ka*, havikuteleza.
*Lachemka* nilitaka kuikosoa:
pangaboi huzunguka, halichemki, huyu kasukumwa na kina.
Saa nane mchana nikakaa chini yake.
Nikafuta.

Toni? *Niko shwari*: wanafunzi wangu wangejibu "utulivu"
na wangekosa.
Ukwapi unaringa, utao unausuta.

Mizani, vidole vikigonga meza:
nane kwa nane, nane kwa nane, nane kwa nane.
Kituo, nane kwa saba.

Nikahesabu upya. Palitakiwa kafu tatu; zipo mbili.
Ibtihaj, mjukuu, akaleta tochi ya simu, tukamulika.
Wino haukufutika, karatasi haikuliwa na mende.
Saba.
Guni, ningemwandikia mtoto wa kidato cha tatu,
na alama ningekata.

Kilichokosekana ni *ku*.
Nilikijua papo hapo.
*Nimekukumbuka*, na mshororo unakaa sawa,
*ku*, yule mwenyewe anayekumbukwa.
Kalamu nyekundu ninayo, hata safarini siiachi.

Mama mdogo alikuwa anachagua mchele kwa vidole,
maana macho yamekwisha.
Nikamsomea. Nikamwambia,
Mama mdogo, hapa umepungukiwa na mizani moja.

"Najua."

Akapata kijiwe, akakidondosha kwenye kisahani.

"Nilikuwa naandika, simu ikalia."

Dada wa ubeti ule ni mama yangu.
Mwaka ule nilikuwa na miaka mitano.
Nakumbuka turubai uani,
na wanawake nisiowajua wakinilisha halua,
mimi peke yangu, mpaka nikatapika.

Jikoni friji lile lile likanguruma, likanyamaza.
Ibtihaj alikuwa anaupiga ubeti kwenye simu
kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.
Akauliza, niandike lililo sahihi
au niandike kama lilivyo?

Nikafunga kalamu.
Andika saba, nikamwambia.
Na ukisoma, hapo usiharakishe.