Karai

Kuzidisha hakujawahi kumchelewesha mtu.
Ningelijua hilo mwezi wa kwanza nisingalikonda.
Nilikaa ghorofani Mkomani, feni nimeizima
ili mashine ipate umeme wote,
nikitazama picha ya tone la damu kutoka zahanati ya Kizingitini
ikisakwa vijidudu vya malaria
kwa sekunde arubaini na moja.
Picha moja. Na tone moja lina picha mia.
Betri ya Somoe, muuguzi, hukata roho kwenye ya thelathini.

Nikapima, kwa hasira, muda unakwenda wapi.
Hesabu yenyewe: kupepesa jicho.
Uliobaki wote ni safari,
namba kutoka ghalani hadi mezani, mezani hadi ghalani,
namba ile ile mara elfu,
kama mtoto aliyetumwa dukani chumvi,
akarudi, akatumwa kiberiti,
akarudi, akatumwa chumvi.

Chini yangu kaka yangu Lali alikuwa akiijenga upya
nyumba ya marehemu nyanya.
Kichochoro chenyewe upana wa punda mmoja na shogi lake.
Siku ya kumwaga dari fundi Famau aliwapanga vijana ngazini,
mmoja kila kipago cha pili,
akawakataza jambo moja tu:
"Mtu asishuke tini. Simama papo. Pokea, pitisha."

Karai likapanda.
Likafuata la pili, la kwanza halijafika yuu.
Kijana wa katikati hakujua zege yatoka wapi
wala yaenda kumwagwa wapi. Aliijua mikono
ya anayempa, na ya anayempokea.
Famau akigonga koleo ukutani, ngo,
makarai yote yalisogea hatua moja.
Ngo.
Chai yangu ikapoa.

Usiku ule nilichora ngazi.
Vijumba kumi na sita kwa kumi na sita,
kila kimoja na kazi yake ya maisha:
zidisha, jumlisha, mpe jirani.
Uzito nimeulaza humo humo, hautumwi tena dukani.
Picha inaingia ubavuni, jumla zinateremka,
na koleo la saketi linagonga
mara milioni mia kwa sekunde.
Pesa za kuchongesha chipu yangu sikuwa nazo;
nilinunua ile inayokubali kufinyangwa upya,
udongo usiochomwa.

Kisha namba. Zilikuwa ndefu, biti thelathini na mbili kila moja:
mizani ya sonara kupimia mchele.
Nikazikata zikawa nane. Hakikumwagika kitu.
Nikalewa. Nikazikata zikawa nne,
nikacheka peke yangu gizani kwa ile kasi,
na asubuhi Somoe akapiga simu.
"Mashine yako yasema damu safi.
Mimi naona pete mbili, kwa mato yangu haya.
Na mtoto anachemka."

Pete mbili. Ziliangukia
ndani ya kile nilichokiita makombo.
Sikubishana naye. Nilizirudisha zile biti nne
moja moja, kama mtu anayerudisha mali ya yatima.

Sasa tone zima huisha
kabla sufuria ya Somoe haijatokota,
na betri hubaki na cha kuwashia taa.
Bado huinamia darubini mwenyewe, slaidi za watoto zote.
Sijamwambia aache.

Famau alikuja kudai salio lake kwa Lali.
Nikamwonyesha kibao, kidogo kama kiberiti,
nikamwambia, hii ndiyo ngazi yako.
Akakigeuza. Akakitega sikioni.
"Mbona kimya?"
Wanapokezana, nikasema.
"Na hawa vijana wala nini?"
Wati tatu, kutwa nzima, wote.
Akanirudishia taratibu,
akitikisa kichwa, kama mtu
aliyekutana na mwajiri bahili.