Mgonjwa wa Mazoezi

Nilimuua Ísleifur saa nne na robo,
kabla ya chai.
Dawa ya moyo: sifuri nukta tano
ikawa tano kavu.
Kioo kikaniuliza, "Una hakika?"
Nikabonyeza Ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi.

Brynjar, mwalimu wetu, umri wa mwanangu,
akacheka kwa adabu: "Si mtu huyo, Hallfríður.
Ni jina la mazoezi. Kesho tutamfufua."

Miaka thelathini na mmoja wodini Ísafjörður
nimepima homa kwa kiganja,
nimesoma miandiko ya madaktari wenye usingizi;
leo natahiniwa na kipanya.

Usiku theluji ilifunga njia ya mlimani.
Nililala macho, nikampa Ísleifur mke,
mbwa, kikohozi cha zamani,
deni dogo dukani.

Asubuhi nikamkuta mzima,
presha imetulia, wala hana kinyongo.
Nikasoma jina. Tarehe ya kuzaliwa. Jina tena.
Sifuri. Nukta. Tano.
"Una hakika?"

Nikautoa mkono kwanza.

Cheti kimekuja na muhuri wake,
kiko kabatini chini ya soksi.
Juu ya kioo nimebandika jina la marehemu.